Ulingo wa Siri, Bajeti ya Kuungaunga

Hadithi unaijua kabla haijaanza. Kaka ameuawa, au amevunjwa mgongo ulingoni, au amezama kwenye deni la watu ambao hawadai mara mbili. Mdogo mtu anaacha shughuli zake, anamtafuta mzee mmoja mkorofi amfundishe, anachapwa fimbo za miguu, anapasua matofali, halafu anashuka ngazi kuingia kwenye ghala lenye moshi ambamo watu wenye suti wanapunga noti. Humo ndani kuna jitu. Halisemi sana, lina kifua kama lango, na limeshaua mtu mmoja mbele ya macho yetu ili tusije tukalidharau. Inapokaribia dakika ya 90 stelingi anafumba macho, anamkumbuka kaka, anaruka teke la kuzunguka, na jitu liko chini.

Nimezitazama filamu za namna hii tangu utotoni na bado nazitazama, kwa hiari yangu na nikiwa na akili zangu timamu. Sina haja ya kuzitetea kwa kusema eti ubaya wake unachekesha. Nyingi ni mbaya tu, na ukizitazama usiku unajutia usingizi wako. Lakini zile nzuri, ambazo zipo, zimekuwa nzuri kwa sababu hazikuwa na hela. Na ule ulingo wa siri chini ya ardhi, ambao mtazamaji anaudhani ni wazo la mwandishi, mimi nauona ni wazo la mhasibu.

Fikiria unataka kutengeneza filamu ya bondia halali. Unahitaji ukumbi mkubwa wenye viti vilivyojaa, taa, kamera za televisheni, watangazaji, mikanda ya ubingwa, waandishi wa habari wa kumzonga bingwa mlangoni. Hayo yote ni gharama, na ukiyapunguza mtazamaji anajua mara moja kwamba kuna kitu kimepungua. Sasa lifanye pambano hilohilo kuwa haramu. Ghafla kila unachokikosa kinakuwa na sababu. Hakuna taa kwa sababu wanajificha. Watu ni wachache kwa sababu mwaliko ni wa siri. Hakuna refa, hakuna mkanda, hakuna bango la mdhamini, ukuta umechubuka na maji yanavuja darini, na mtazamaji anaona sawa kabisa, maana haramu inafanana hivyo. Sijui aina nyingine ya filamu ambayo uhaba wake wote unaingia kwenye hadithi bila kuomba radhi.

Na watazamaji wa pembeni, wale wanaopiga kelele na kubeti, ni maajabu ya uchumi. Unakusanya watu 60 hivi. Unawabana upande mmoja wa ulingo, karibu na kamera, wanaonekana umati. Ukimaliza kupiga picha za upande huo unawahamishia wa pili, mwenye kofia anampa mwenzake, aliyevaa koti analivua. Giza linakujazia viti vilivyobaki. Ukikaza macho utamwona jamaa yuleyule mwenye masharubu anashangilia nyuma ya stelingi na sekunde chache baadaye nyuma ya adui. Mimi huwa namtafuta. Nikimpata nafurahi kuliko nikimwona stelingi akishinda.

Mashindano ya mtoano nayo yanamwondolea mwandishi nusu ya kazi. Huhitaji kufikiria kitafuata nini, kwani kinachofuata ni raundi ya pili. Wamebaki wanane, wamebaki wanne, wamebaki wawili, na kila mtu anaelewa tulipo hata kama maongezi yote yalitafsiriwa vibaya. Ndiyo maana filamu hizi zilisafiri dunia nzima kwenye kanda za video bila kukwama. Ngumi haihitaji mkalimani.

Mfano mkubwa uliowatangulia wote ni Enter the Dragon ya 1973. Bruce Lee anakwenda kisiwani kwenye mashindano ya tajiri mhalifu, na bajeti nzima haikufika dola milioni 1. Lee alifariki Julai 1973, wiki chache kabla filamu haijaanza kuonyeshwa Marekani. Katika kundi la wabaya wa kisiwa kile alikuwemo Bolo Yeung, mtunisha misuli mwenye kifua kisicho cha kawaida. Miaka 15 baadaye, kwenye Bloodsport, kifua ni kilekile, safari hii kikimsubiri kijana wa Kibelgiji aitwaye Jean-Claude Van Damme.

Bloodsport ilitengenezwa na Cannon, kampuni ya binamu wawili wa Kiisraeli, Menahem Golan na Yoram Globus, ambao walikuwa wakizalisha filamu za bei nafuu kwa kasi ya kiwanda. Iligharimu chini ya dola milioni 3 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 11 kwenye kumbi za Marekani peke yake. Sehemu ya picha ilipigwa ndani ya mtaa wa Kowloon Walled City huko Hong Kong, ambao wakati huo zaidi ya watu 30,000 walikuwa wamebanana kwenye eneo lisilofika hekta 3, vichochoro vyake havioni jua na nyaya zinaning'inia kama mizizi. Mtaa ule ulianza kubomolewa mwaka 1993. Hakuna mbunifu wa majukwaa ambaye angeweza kuijenga njia ile ya kuelekea ulingoni kwa hela waliyokuwa nayo. Waliikuta imejengwa.

Kinachonifurahisha zaidi kwenye filamu ile ni maandishi yanayotokea mwishoni. Yanatuambia kwamba tulichokitazama ni maisha ya kweli ya Frank Dux, mpiganaji anayeigizwa na Van Damme, kwamba kati ya 1975 na 1980 alipigana mapambano 329, na kwamba anashikilia rekodi ya kuwaangusha wapinzani 56 mfululizo kwa nokauti katika shindano moja. Mwaka 1988 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza madai yake na likatoka na mashaka mengi. Dux aliendelea kushikilia kauli yake. Lakini hatuhitaji gazeti, tunahitaji karatasi na kalamu. Kwenye mtoano, kila raundi nusu ya washindani wanaaga. Ili mtu ashinde raundi 10 wanahitajika wapiganaji 1,024. Raundi 20, zaidi ya milioni 1. Ukifika raundi ya 33 unahitaji watu zaidi ya bilioni 8.5, yaani binadamu wote walio hai leo, vikongwe na vichanga, na bado hawatoshi. Zimebaki raundi 23. Na haya yote yanafanyika kwa siri.

Nasema haya kwa mapenzi. Uongo wa namna ile ni sehemu ya starehe, kama vile bibi anaposimulia kuhusu jini aliyekutana naye njiani na hakuna mjukuu anayemdai ushahidi.

Roger Corman, mtayarishaji ambaye aliigeuza ubahili kuwa taaluma, aliona Bloodsport imefanya nini na mwaka uliofuata akatoa Bloodfist, iliyopigwa Manila. Mbinu yake ilikuwa rahisi: badala ya kuwafundisha waigizaji kupigana, chukua mabingwa wa kikiboksi uwaombe waigize kidogo. Don Wilson aliyekuwa stelingi alikuwa bingwa kweli. Rob Kaman wa Uholanzi alikuwa bingwa kweli. Majina yao yanapotokea mwanzoni yanaambatana na vyeo vyao vya ulingoni, jambo ambalo sijaliona kwenye filamu za waigizaji wenye tuzo. Billy Blanks naye yumo, yule ambaye miaka ya 1990 alitajirika kwa kanda za mazoezi ya Tae Bo. Uigizaji wao, tuseme ukweli, ni mkavu. Mtu anapewa habari za kifo cha kaka yake anazipokea kana kwamba ameambiwa umeme umekatika. Halafu wanaingia ulingoni na kila kitu kinabadilika, kwa sababu mtu aliyepigana miaka kumi anasimama tofauti. Uzito wake uko miguuni, kidevu kimeshuka, mabega yametulia. Huwezi kuiga. Corman baadaye aliirudia hadithi hiyohiyo zaidi ya mara moja, safari moja akiihamishia wakati ujao, nyingine akimfanya mpiganaji awe mwanamke.

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwenye suala la mwili na kamera.

Ngumi ya filamu haigusi. Inapita mbele ya uso kwa umbali wa kiganja au zaidi, na kamera inawekwa nyuma ya bega la mmoja wao ili umbali ule usionekane. Lenzi ndefu inasaidia, kwa kuwa inawaleta watu karibu hata kama wamesimama mbali. Kazi kubwa inafanywa na anayepigwa: kichwa kigeuke kwa wakati, mate yaruke, goti lilegee nusu sekunde baada ya kichwa. Akiwahi, umemwona anajipiga mwenyewe. Akichelewa, ngumi imepita hewani na ukumbi unacheka. Ngumi za tumboni ni hadithi nyingine, hizo mara nyingi zinagusa, na mtu anajikaza tu. Baadaye chumbani anakuja fundi wa sauti anapiga ngozi, anapiga nyama mbichi, anavunja mabua ya seleri karibu na kinasa sauti, na mfupa wa mkono umeshavunjika.

Wenye hela siku hizi wanakata picha kila nusu sekunde. Kamera inatikisika, unaona kiwiko, unaona kioo kinapasuka, unaona sura ya hasira, na hujui nani amempiga nani. Wanafanya hivyo kwa kuwa stelingi wao analipwa mamilioni na hajui kupiga teke, na bima haimruhusu kujaribu. Mwongozaji maskini hana tatizo hilo. Stelingi wake anajua kupiga teke na hajui kitu kingine. Basi anarudisha kamera nyuma, anaacha miili miwili ionekane kuanzia utosi hadi unyayo, na anaiacha iendelee. Ukitaka kupima filamu ya ngumi, tazama miguu. Ikionekana, kuna mtu anafanya kazi pale. Ikifichwa, ujue kuna jambo.

Mwendo wa polepole nao una siri yake ya kibajeti. Teke lililochukua nusu sekunde linapopunguzwa kasi linajaza sekunde nne. Lirudie kutoka pembe tatu, umepata sekunde 12. Fanya hivyo filamu nzima na siku ya kupiga picha umeiokoa.

Lakini kuna jambo moja ambalo filamu hizi zote zinadanganya, tajiri na maskini: mkono. Mtu anapiga mafuvu ya watu kwa ngumi kavu usiku kucha na asubuhi anakunywa chai akishika kikombe vizuri. Mifupa ya kiganja ni myembamba, na ule wa nyuma ya kidole kidogo unavunjika kirahisi sana kwa mtu anayepiga kitu kigumu, kiasi kwamba madaktari wameupa mvunjiko huo jina la mabondia. Paji la uso ni gumu kuliko ngumi yoyote. Glavu, ambazo tunaziona kama huruma kwa anayepigwa, zinamlinda kwanza anayepiga, na kumwezesha arushe ngumi nyingi zaidi kichwani.

Historia ya ngumi kavu haifanani na filamu hata kidogo. Julai 8, 1889, John L. Sullivan na Jake Kilrain walikutana Richburg, Mississippi, kwa pambano lililokuwa haramu na ambalo lilikuwa la mwisho la ubingwa wa uzito wa juu kupiganwa bila glavu. Mashabiki walipakiwa kwenye treni maalumu kutoka New Orleans bila kuambiwa wanakokwenda, ili serikali isiwahi kufika. Hapo unaweza kusema filamu imepatia. Kisha wakapigana raundi 75, zaidi ya saa mbili, kwenye jua la kiangazi cha kusini. Kwa kanuni za wakati ule raundi iliisha mtu akianguka, kwa hiyo kuanguka ilikuwa njia ya kupumzika, na Kilrain alianguka sana. Raundi ya 44 Sullivan akatapika. Kona ya Kilrain ndiyo iliyosalimu amri kwa niaba yake. Sullivan akaishia mahakamani na faini ya dola 500. Hakuna prodyuza ambaye angekubali skripti ile. Ni ndefu, ina jua kali, na stelingi anatapika.

Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1882, mahakama ya Uingereza katika kesi ya R v Coney ilikuwa imeamua kwamba ridhaa ya wapiganaji haihalalishi pambano la namna ile. Hata kama wote wawili wamekubali, bado ni shambulio. Ila swali lililoipa kesi uzito lilihusu watu waliosimama kutazama: je, nao wana hatia? Majaji wengi walisema kuwepo tu mahali pale hakutoshi kumtia mtu hatiani. Naipenda kesi hiyo kwa sababu filamu za ulingo wa siri huwa zinaligusa jambo hilo halafu zinaliacha. Zinatuonyesha tajiri mwenye sigara akifurahia damu, tumchukie, halafu zinatuomba tufurahie damu ileile kutoka upande wa pili wa kioo. Zile zenye akili zinaiacha kamera ikae usoni mwa yule tajiri kidogo kuliko inavyohitajika, mpaka unaanza kujisikia vibaya kwenye kiti chako.

Kisha ikafika siku ambayo mtu alijaribu kuifanya filamu iwe kweli. Novemba 12, 1993, mjini Denver, lilifanyika shindano la kwanza la UFC (Ultimate Fighting Championship): mtoano wa watu wanane ndani ya uzio wa pembe nane, karate dhidi ya ngumi dhidi ya sumo, kanuni chache mno. Kila kitu kilikuwa kimetoka kwenye duka la kanda. Pambano la kwanza lilidumu sekunde 26. Gerard Gordeau alimpiga teke mpinzani wake, mwanasumo Teila Tuli, jino likaruka, na kipande cha jino kikabaki kwenye mguu wa Gordeau. Mkono wake nao ukavunjika, na bado usiku ule ulikuwa unamsubiri tena. Bondia Art Jimmerson aliingia amevaa glavu moja tu. Moja! Alilazwa chini na kijana mwembamba wa Kibrazili aliyevaa mavazi meupe ya judo, akaona hana njia, akagonga sakafu kusalimu amri.

Kijana yule, Royce Gracie, ndiye aliyechukua ubingwa. Hakumpiga mtu teke la kuzunguka. Aliwakumbatia, akawaangusha, akawakaba. Seneta John McCain baadaye aliufananisha mchezo ule na kupambanisha majogoo, na majimbo mengi ya Marekani yakaupiga marufuku, lakini pigo alilolitoa Gracie lilitua kwenye filamu zetu pia. Ilikuwa imeonekana hadharani kwamba watu wakipigana bila kanuni, mara nyingi wanaishia sakafuni wakiwa wamebanana, na aliye juu anatafuta shingo kwa utulivu wa mtu anayetafuta funguo. Hakuna kitu kigumu kukipiga picha kama hicho. Kabali nzuri haionekani. Inachukua sekunde kadhaa na tofauti kati ya iliyoingia na isiyoingia ni upana wa kidole.

Baada ya hapo filamu nyingi za aina hii zilikufa kifo cha kawaida. Zilizobaki zikahamia Bulgaria, ambako studio ni nafuu na majengo ya zamani yapo tele, na huko ndiko ilikotoka ile ambayo naiweka juu ya zote: Undisputed II ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Isaac Florentine. Ya kwanza ilikuwa na majina makubwa na ilihusu masumbwi kwenye gereza la Marekani. Hii ya pili ilikwenda moja kwa moja kwenye kanda. Bondia Chambers wa filamu ya kwanza, safari hii akiigizwa na Michael Jai White, anabambikiwa dawa za kulevya nchini Urusi na kutupwa gerezani ambako wakubwa wanapanga mapambano na kubeti. Bingwa wa humo ni mfungwa aitwaye Boyka, anayeigizwa na Mwingereza Scott Adkins, na huyu jamaa akirusha mguu unasahau kwamba kuna mvutano wa ardhi. Lakini Florentine alikuwa amesoma alama za nyakati. Chambers anapomaliza kazi hamalizi kwa teke. Anaukamata mguu na kuuvunja kwenye goti.

Boyka alikuwa ndiye mbaya, lakini watazamaji walimpenda hivi kwamba filamu ya tatu, ya 2010, akapewa yeye. Inaanza akiwa kilema wa goti lilelile, amegeuzwa mfanya usafi gerezani, wakubwa wameshapata bingwa mwingine wa kubetia. Nusu ya filamu ni mtu mmoja anajaribu kulirudisha goti lake. Hakuna kaka aliyeuawa wala jitu la kisiwani, kuna kano na gegedu. Adui wa mwisho ni Mchile Marko Zaror, ambaye ni mkubwa, anaruka kama Adkins, na katika hadithi anapewa chakula kizuri na sindano huku wengine wakivunja mawe, kwa kuwa waliobeti wameshabeti kwake. Pambano lao ni refu, kamera imekaa mbali, na miguu inaonekana yote minne.

Ukitaka kuanza, anza na ya pili kisha uende ya tatu. Ya nne ipo pia, ya mwaka 2016, na si mbaya. Ya kwanza unaweza kuiruka. Ilikuwa na hela.